Sura ya Tano: Milango Miwili ya Mama Fua

Faili la yule marehemu lilikuwa jembamba mno, na hilo lilimtia Sindano wasiwasi kabla hata hajalifungua. Miaka ishirini na minane ya kupeleleza mambo ya posho za serikali ilikuwa imemfundisha kwamba mtu akifa kweli, faili lake hunenepa. Huingia cheti cha kifo, kibali cha mazishi, vivuli vya vitambulisho vya kila ndugu anayedhani ana haki, na barua mbili tatu za kutukanana. Hili lilikuwa na karatasi tatu. Marehemu gani huyu asiye na hata shemeji wa kumgombania?

Walimwita Sindano kwa ajili ya wembamba wake. Wenzake waliapa kwamba siku za upepo hutembea na mawe mfukoni, asije akapeperushwa hadi wizara nyingine. Waliowahi kuhojiwa naye walikuwa na maelezo yao. Walisema huyu bwana huingia mahali ambapo wewe hukujua kama pana tundu, na akitokea upande wa pili anaburuta uzi.

Mkuu wa Kitengo cha Posho, mwanamke mpana wa mabega na mfupi wa maneno, alimpa kesi nzima kwa pumzi moja. Mwanamke wa miaka sabini na sita, mfuaji mstaafu wa hospitali, mtaani anaitwa Mama Fua. Anapokea posho ya wazee, huu mwaka wa kumi na moja. Alipelekewa notisi aje kuhakikiwa, yaani ofisi imwone kwa macho kuwa bado yu hai. Hakuja. Badala yake ikaja barua isiyo na jina ikidai kwamba alikufa tangu mwaka jana, na kwamba mkwe wake ndiye anayeitumia kadi. Siku kumi na nne za notisi zinaisha leo saa kumi alasiri. Zikiisha, kadi inafungwa na mkwe anakabidhiwa polisi.

"Kadi hiyo ndiyo ya dawa pia?" Sindano aliuliza.

"Ndiyo hiyo hiyo. Ana kisukari. Alikuwa nacho, niseme."

"Na kama yu hai?"

"Aje aniambie mwenyewe. Mimi nafunga kwa maandishi na nafungua kwa maandishi."

Sindano alizitandaza zile karatasi mezani kwake. Ya kwanza ilikuwa fomu ya kujiandikisha ya miaka kumi na moja iliyopita. Mahali pa sahihi palikuwa na alama ya kidole gumba, lakini alama gani. Doa jeusi, laini, kama kivuli cha yai, bila mstari hata mmoja. Karani mzembe, aliwaza, alimwagia wino. Ya pili ilikuwa stakabadhi ya notisi, ya majuma mawili yaliyopita. Hapo palikuwa na kidole gumba cha wino wa zambarau, mistari yake safi unaweza kuihesabu, na katikati yake kovu lililopinda kama mwezi mchanga. Ya tatu ilikuwa ile barua, herufi kubwa tupu, kila moja imesimama peke yake kama watu waliogombana:

HUYU BIBI WA FAILI 7/0419 ALISHAKUFA MWAKA JANA. MLANGO WAKE UMEOTA UTANDO WA BUIBUI. MKWE WAKE NDIYE ANAYETIA KIDOLE. CHUNGUZENI.

Akaigeuza, akainusa, akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha. Barua isiyo na jina haimtii mtu hatiani. Kazi yake ni kuchokoza swali tu. Lakini hii ilikuwa imechokoza vizuri. Vidole viwili visivyofanana, jina moja. Hata mtoto angesema kuna mtu anamvaa marehemu.

Wakati huo mlango ulifunguka kwa kishindo akaingia Tarishi Upepo na mkoba wake begani. Picha yake ilitundikwa ukutani nje ya ofisi ya Mkuu kama mfanyakazi bora wa mwaka, kwa kuwa hakuna barua iliyolala mkononi mwake. Ukimpa asubuhi, stakabadhi inarudi kabla ya chai. Alikuwa mtu wa kuchekesha, vidole vimejaa wino hadi kwenye kucha, na hakuchoka kusimulia habari za mbwa aliyemvamia kazini. Kila akisimulia, mbwa aliongezeka urefu na akabadili mahali pa kung'ata. Juzi alikuwa kamng'ata paja. Leo alikuwa kamrarua mkono mzima, na tarishi akamnyang'anya barua meno kwa meno.

"Unaenda kwa Mama Fua, bwana mkubwa?" Upepo alimwuliza, jicho kwenye faili. "Chukua maji ya kunywa. Ngazi za jengo lile zinaua."

"Notisi ulimpa mkononi?"

"Mkononi. Akatia kidole, nikashuka."

"Yeye mwenyewe?"

Upepo alijikuna shingo. Alisema siku hizi kila bibi anafanana na bibi mwenzake, ukizingatia na giza la varanda, na akaondoka kwa haraka yake ile ile inayosifiwa.

Nje ya lango la ofisi alikaa Wakili wa Mwavuli. Hakuwa wakili hata kidogo. Alikuwa mwandishi wa fomu, mwenye meza ya kukunja, mwavuli mkubwa wenye mbavu mbili zilizovunjika, na sauti ya mtu aliyeshinda kesi zote duniani. Kila aliyekuwa na swali la posho alianza kwake, na mara nyingi ndipo mambo yalipoharibikia. Sindano alimtajia jina la Mama Fua. Wakili alifunika daftari lake kwa kiganja.

"Mambo ya mteja wangu ni siri," alisema.

"Kumbe ni mteja wako."

Wakili akaona ameteleza, akaanza kunoa penseli ambayo tayari ilikuwa kali. Alikiri kwa shida kwamba miaka mitatu iliyopita mkwe wa mama huyo alikuja kumwuliza jambo kuhusu makazi, naye akampa ushauri. Ushauri gani, hakumbuki. Sindano alimwomba amwandikie namba ya faili kwa herufi na tarakimu kubwa. Mkono wa Wakili ulikuwa na mikia na mapambo, kila tarakimu imevaa kofia. Halafu akaandika namba nyingine kabisa, ya zamani. Namba zote za faili zilibadilishwa mwezi uliopita, naye alikuwa hana habari. Sindano akakitia kile kikaratasi mfukoni.

Jengo lilikuwa la ghorofa nne, halina lifti. Chini palikuwa na karakana ya sofa. Vijana wawili wenye misuli kama kamba za meli walikuwa wanapigilia misumari kwenye kiti kikubwa cha kijani. Sindano alipanda ngazi akihesabu, na kufikia ya themanini alianza kumwelewa tarishi.

Mwisho wa varanda ya ghorofa ya nne palikuwa na milango miwili, ubavu kwa ubavu. Wa kushoto ulikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: MAMA FUA. ANAISHI PEKE YAKE.

Sindano alisimama akakitazama kile kibao kwa muda. Alikuwa ameona milango ya kila aina, lakini hajawahi kuona mlango unaotoa ushahidi bila kuulizwa.

Utando wa buibui ulikuwepo kweli. Ulianzia kwenye kitasa ukaishia kwenye kufuli, mnene, na buibui mwenyewe alikuwa amekaa katikati ananenepa. Sindano aligonga kando yake. Mlango ulijibu kwa sauti ya mbao juu ya mbao, kama mtu anayegonga kabati. Kabla hajagonga mara ya pili, ule wa kulia ukafunguka.

Aliyetokea alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, utepe wa kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Fundi cherehani. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimefungwa bandeji.

Sindano alikitazama kile kidole, naye akakificha nyuma ya sketi.

Alijitambulisha, akaonyesha kitambulisho, akasema kilichomleta. Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kola yake.

"Nyumbani kwa mtu huingii bila ruhusa yake," alisema. "Hilo nalijua."

"Ni kweli kabisa. Una haki ya kunikatalia, na mimi nitaandika kwamba umenikatalia. Mkuu wangu atasoma hayo tu, kisha saa kumi atafunga kadi."

"Ifungwe kwa kosa gani?"

"Notisi mliipata majuma mawili yaliyopita."

"Notisi gani?"

Alilisema haraka mno, au pengine alilisema kama mtu asiyejua. Sindano hakuamua bado. Fundi alisogea kando nusu hatua, na mtu wa wembamba wake hakuhitaji zaidi.

Kilikuwa chumba kimoja kilichokatwa na pazia la maua. Upande huu cherehani, kitanda, vitambaa vya wateja. Sindano alianza kuorodhesha kichwani. Majiko mawili, moja limechoka na moja halijawahi kuona moto. Mafagio mawili, moja bado lina karatasi ya dukani. Fimbo ya kutembelea imeegemezwa ukutani, mpya, ncha yake ya mpira haijagusa sakafu. Kwenye ukuta wa kushoto, kabati la nguo limesukumwa likaziba kabisa mlango wa pili. Juu ya friji ndogo, kadi ya posho. Ndani ya friji, alipoomba kufungua, chupa mbili za dawa ya kisukari. Moja ilikuwa tupu, nyingine imebaki ya siku mbili. Tarehe ya kutolewa ilikuwa ya mwezi huu. Kwa hiyo kuna mtu alikwenda hospitali na kadi.

"Anayezichukua dawa nani?"

"Mimi."

"Anayezitumia?"

"Mama."

"Yuko wapi?"

"Kalala."

"Ataamka saa ngapi?"

"Ukiondoka."

Sindano alikwishawahi kuambiwa hivyo na watu watatu, na kwa wote watatu nyuma ya pazia palikuwa na mito ya kitanda tu. Akashusha macho. Chini ya pindo la pazia palikuwa na kandambili pana, zimechanwa pembeni kwa mkasi ili mguu uliovimba upate pumzi. Pale zilipochanwa, mpira ulikuwa bado mweupe. Mkato wa juzi au jana. Nani anayewachania mito viatu?

"Nimeshaamka," sauti ilisema kutoka ndani. "Huyo mwanamume anapumua kama mashine ya kukamulia mashuka, nitalalaje?"

Fundi alifumba macho. Pazia likavutwa, na kitandani akaonekana mwanamke mkubwa wa mifupa, kitambaa kichwani, miguu imevimba kama mito ya sofa, anamtazama Sindano juu chini kama anayetafuta doa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe hulishwi kwenu?"

Sindano alitabasamu, lakini shaka haikumtoka. Katika kazi hii alikuwa ameshakutana na bibi wa kukodi, aliyezitumikia familia tatu kwa juma moja, kila mahali na jina lake na ugonjwa wake. Picha ya kwenye kadi ilikuwa ya miaka kumi na moja iliyopita, na ingeweza kuwa ya bibi yeyote mwenye kitambaa. Akavuta kigoda akakaa. Hakumwuliza jina wala mwaka wa kuzaliwa. Hayo mtu hukaririshwa.

"Shuka imelowa damu, mama. Unaitia maji ya moto au ya baridi?"

"Ya moto utaipika hiyo damu, itakaa hapo mpaka shuka izeeke," Mama Fua alisema. "Baridi kwanza, na chumvi. Kisha ndiyo unaiingiza kwenye pipa la magadi. Miaka thelathini na miwili, mwanangu. Madaktari walikuwa wanaitwa mabingwa, lakini kama si mimi wangelaza wagonjwa kwenye magunia."

Alimnyooshea mikono. Sindano akaishika, na hapo ndipo ile fomu ya kwanza ilipoanza kumzungumzisha. Ngozi ya vidole ilikuwa laini, inang'aa, haina hata alama. Akatoa kidau chake cha wino, akamwomba atie kidole gumba kwenye daftari. Doa. Akarudia. Doa. Mara ya tatu alibonyeza mwenyewe kwa upole, na likatoka lile lile doa kama kivuli cha yai. Karani wa miaka kumi na moja iliyopita hakuwa mzembe. Magadi na maji ya moto yalikuwa yameifuta mistari yote zamani.

"Hata mashine ya hospitali inanikataa," mama alisema. "Inaniambia weka kidole, nami nimekiweka tayari."

Basi aliyetia kidole kwenye stakabadhi ya notisi, kile chenye mistari na mwezi mchanga katikati, hakuwa yeye. Sindano aligeuka polepole.

"Nifungulie bandeji, dada."

Fundi alibaki amesimama. Alimtazama mkwewe, akamtazama mgeni, kisha akaanza kuizungusha ile bandeji akikunja uso. Sindano ya cherehani ilikuwa imempitia kwenye ukucha siku nne zilizopita. Ukucha ulikuwa mweusi, kidole kimevimba. Lakini upande wa chini, pale pa kutilia wino, mistari yake ilizunguka mviringo kamili kama maji yaliyotupiwa kokoto, na hapakuwa na kovu lolote. Sindano alilinganisha mara mbili kwa lenzi yake. Hakuwa yeye.

"Sasa niambie ulikuwa unaficha nini," alisema.

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Maneno yalimtoka kama uzi uliokwama kisha ukaachia. Miaka mitatu iliyopita mama alianza kuvimba miguu, wakamhamishia huku kwao. Mumewe, anayefanya kazi mbali, hutuma unga na sabuni. Akaenda kwa Wakili wa Mwavuli kuuliza kama posho itakatwa kwa kuwa mama analishwa na mwanawe. Wakili akamwambia itakatwa yote, tena watatozwa ya nyuma, isipokuwa mama aonekane ana makazi yake: mlango wake, jiko lake, fagio lake. Chumba hiki kilikuwa na milango miwili tangu zamani. Wakasukuma kabati kwenye mmoja, wakaandika kibao. Kila akija mtu wa ofisi, mama hulala nyuma ya pazia na yeye husema mama katoka, au kalala.

Sindano alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Posho ya wazee inamfuata mzee," alisema. "Haiufuati mlango. Akae peke yake, akae na wajukuu kumi, ni yake. Chakula anachopewa na mwanawe hakihesabiwi kuwa kipato. Mlichotakiwa kufanya ni kuandika kwamba amehama makazi. Karatasi moja."

Cherehani ililia kidogo, Fundi alipoiegemea.

"Miaka mitatu nyuma ya pazia kama bibi harusi," Mama Fua alisema taratibu. "Na yule mwenye mwavuli nilimfulia koti bure."

Ilikuwa saa saba unusu. Sindano alisimama dirishani akapanga mambo yake. Anayekaa mtaa huu anajua kwamba mama hupita mlango wa kulia. Hata wale vijana wa sofa wanajua. Aliyeandika kuhusu utando wa buibui alikuja mara moja tu, akaona ule wa kushoto, akaridhika kwamba aliyemo amekufa. Hakugonga wa pili. Na alijua namba mpya ya faili, ambayo hata Wakili hakuijua, kwa maana ilikuwa haijaandikwa mahali pengine ila ndani ya ofisi na juu ya bahasha ya notisi. Bahasha ambayo humu ndani hakuna aliyeiona. Juu ya bahasha hizo huandikwa pia ndugu wa karibu, na hapa aliandikwa mkwe.

Mtu huyo alitia kidole mwenyewe ili arudi mapema. Kisha akaogopa: ofisi ikigundua marehemu hatii vidole, itamwuliza yeye. Akatafuta wa kumtupia.

Lakini kujua si kuthibitisha, na Mkuu alifungua kwa maandishi tu.

"Mama, unaweza kushuka?"

"Kushuka naweza. Nikifika chini nikiwa mzima ni suala jingine."

Sindano alitelemka akazungumza na vijana wa karakana. Dakika kumi baadaye kiti cha kijani kilipanda ngazi mia na kitu, na kikashuka na Mama Fua juu yake, amekumbatia mkoba wake, anawaelekeza kwenye kona kama nahodha. Fimbo mpya ilitoka kwa mara ya kwanza. Watu wa varanda zote walitoka kutazama, na Fundi, aliyekuwa anafuata nyuma na kadi mkononi, alitembea uso chini hadi kwenye teksi.

Saa nane na robo walikuwa ofisini. Nyuma ya meza ya Mkuu palikuwa na kizuizi cha mbao kilichotenga makabati ya faili, na huko nyuma Sindano aliwakalisha wote wawili. Mkuu alimtazama Mama Fua, akatazama lile doa la yai kwenye daftari, akatazama stakabadhi. Alisukuma tu saa yake ya mezani ikamwelekea Sindano.

Upepo aliitwa. Alipewa bahasha ya Mama Fua na stakabadhi isiyojazwa, akaambiwa sheria inataka barua ifike mkononi kabla ya saa kumi, na kidole cha mpokeaji kirudi. Akapiga saluti akapotea.

Alirudi saa tisa na dakika tano. Kwa mtu wa kupanda ngazi zile na kurudi, hata kwa mabawa, alikuwa amewahi mno. Jasho hakuwa nalo. Kwenye kona ya mdomo alikuwa na chembe ya keki.

"Imefika," alisema, akaiweka stakabadhi mezani. Wino wa zambarau ulikuwa bado unang'aa.

Mkuu aliuliza ni nani aliyeipokea.

Upepo alivuta uso wa huzuni. Alisimulia kwamba mlango ulifunguliwa na mkwe, mwanamke mkali, mwenye macho ya kuhangaika. Aliinyakua bahasha akaingia nayo ndani, akarudi na kidole kimeshatiwa. Alichungulia asione mgonjwa wala mzee. Mle ndani palikuwa na harufu ya nyumba isiyo na mtu.

"Mimi ni tarishi tu," alimalizia. "Lakini mkiniuliza, yule mama hayupo duniani, na huyo mkwe anawachezea."

"Umemwona mkwe kwa macho yako?" Sindano aliuliza.

"Kama ninavyokuona wewe."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Sindano aliweka lenzi juu ya stakabadhi mpya, kisha juu ya ile ya zamani, akamsogezea Mkuu. Mistari ile ile. Mwezi mchanga ule ule. Mkuu aliinamia muda mrefu, kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akasukuma kile kizuizi cha mbao.

Mama Fua alikuwa ameketi pale na fimbo yake mapajani, na Fundi kando yake.

"Mkwe wangu yuko hapa tangu saa nane," mama alisema. "Tumekaa tunasikia habari zetu. Hicho kidole, mwanangu, umekitoa wapi?"

Upepo alifungua mdomo. Mkono wake wa kulia uliingia mfukoni wenyewe, kama mnyama anayerudi shimoni.

"Yule mbwa," Sindano alisema kwa upole, "alikung'ata wapi hasa?"

Mkuu alisukuma karatasi nyeupe na kidau cha wino hadi ukingoni mwa meza, akangoja. Ilimchukua tarishi bora wa mwaka dakika nzima kuutoa mkono, na alipobonyeza, kovu lilitokea juu ya karatasi bila haya. Kisha akaanza kuzungumza yeye mwenyewe, kwa sauti ambayo ofisi ilikuwa haijawahi kuisikia kwake: ngazi, buibui, magoti, sifa alizopewa ambazo zilimtaka awe haraka zaidi kila mwezi. Alidhani bibi amekufa kweli. Alisema hilo mara tatu.

"Na mkwe wangu ulidhani amefanya nini?" Mama Fua aliuliza.

Mkuu aliandika. Notisi haikumfika mhusika. Siku kumi na nne hazijaanza kuhesabiwa. Mhusika amehakikiwa leo kwa macho. Kadi ibaki wazi. Chini yake, kwa mkono ule ule, akaandika kwamba makazi yamebadilika na akampa Fundi atie sahihi, bila kumwambia neno juu ya ile miaka mitatu, ingawa alimtazama. Muhuri uligonga saa kumi kasoro dakika ishirini. Fundi aliipokea kadi kwa mikono miwili, akaitia kifuani, akauliza kama dirisha la dawa hospitali hufungwa saa kumi na moja. Aliambiwa ndiyo, na kwamba teksi bado iko nje.

Sindano hakuwa amekaa. Alikuwa amekwenda kwenye kabati akalivuta sanduku la stakabadhi za mwaka huu, akafungua katikati, ovyo tu. Mwezi mchanga. Akafungua mbele kidogo. Mwezi mchanga. Watu wa ghorofa ya tatu, ya nne, ya tano. Watu wa mwisho wa njia zenye matope. Kando ya sanduku, kwenye rafu ya kadi zilizofungwa, yalipangwa mafaili yaliyopigwa muhuri mwekundu wa marehemu. Aliyapitisha kidole mgongoni. Yote yalikuwa membamba, kama la Mama Fua.

Mkuu aliona alichokuwa anakigusa, akaiweka kalamu chini. Sahihi chini ya kila muhuri ule ilikuwa yake.

Aliwaambia wale wanawake wawili waende zao, wamechoka, ofisi itashughulikia.

Mama Fua alimkabidhi Fundi ile chupa tupu kutoka kwenye mkoba, akamwambia awahi hospitali na teksi, amrudie baadaye. Kisha akaisimika fimbo yake mpya sakafuni, akaburuta kiti hadi mbele ya lile kabati.

"Lete hilo faili la juu," alimwambia Sindano. "Sina haraka mie. Nimekufa tangu mwaka jana."